Marashi Kwenye Mtungi wa Maziwa

Mwalimu wetu wa intavyuu hakuwa ameajiriwa popote. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa, na najilaumu, maana hata mtoto angeuliza: huyu anayetufundisha kupata kazi, ya kwake iko wapi? Kila Jumamosi alitukusanya katika ukumbi wa kanisa hapa Eldoret, sisi wenye diploma na viatu vilivyoisha visigino, akatufundisha kuingia mlangoni. Eti kuingia mlangoni! Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeingia milango maisha yangu yote, na bado alinirudisha nje mara saba ndipo akaridhika.

Alikuwa na suti moja ya rangi ya samli na maneno yasiyokwisha. "Kizuri chajiuza, hayo yalikuwa ya wazee," alituambia. "Siku hizi kizuri kisipojitembeza kinaozea nyumbani." Tukacheka, tukaandika. Tuliandika kila kitu, wajinga sisi. Ukiulizwa udhaifu wako, sema unafanya kazi kupita kiasi. Ukiulizwa usilolijua, jibu kwa sauti kubwa zaidi. Usiseme sijui, sijui ni neno la watu wa kubaki nyumbani. Na juu ya yote, unukie. "Mtu hunuswa kabla hajasikika," alisema, kisha akafungua mkoba na kutoa chupa ndogo za marashi za kutuuzia. Hapo ndipo nilipopaswa kuinuka niende zangu. Nilinunua.

Sasa sikia kazi yenyewe niliyoitiwa: kupima maziwa, katika kiwanda kimoja nje kidogo ya mji. Mpimaji husimama mahali mitungi inapoteremshwa asubuhi. Anafungua kifuniko, anainama, ananusa papo hapo, kisha anasema yapite au yarudi kwa mwenyewe. Vipimo vya kioo vipo, lakini pua ndiyo ya kwanza. Hayo niliyasomea miaka miwili. Tena nilizaliwa ndani yake, kwa sababu mama yangu anafuga ng'ombe watatu upande wa Burnt Forest, na maziwa yake yanakwenda kiwanda hicho hicho. Ng'ombe hao ndio walionisomesha.

Tangu nimalize masomo nilikuwa nimekaa nyumbani miaka minne nikikamua. Majirani walishaanza kumuuliza mama, kwa ile sauti yao ya huruma ya uongo, kama kweli kukamua nako kunahitaji diploma. Mama alikuwa anangoja siku ya kuwaonyesha barua yangu ya ajira, na mimi niliitaka barua hiyo kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Siku ya intavyuu niliamka, nikakamua, nikaoga, nikavaa koti la mtumba ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Halafu nikajipulizia marashi. Shingoni, kwenye vifundo vya mikono, kwenye koti, kisha nikarudia, nisije nikafika yameisha. Mama alikuwa nje akimkabidhi mtu wa bodaboda mtungi wa maziwa. Nilipopita aligeuka.

"Hiyo harufu unaipeleka wapi?"

"Mama, hii ni intavyuu, si kukamua."

Akaugeukia mtungi wake. Mimi nami nikatembea hadi barabarani nimeinua shingo, msomi mzima.

Kiwandani tulikuwa watano kwenye benchi, na wanne tulikuwa wa ukumbi ule ule wa kanisa. Benchi lilinuka kama arusi. Wa tano alikuwa dada mmoja wa sweta kuukuu, kucha fupi, mikono imepauka kwa maji baridi, hanukii chochote. Tulitazamana sisi wanne, tukamhurumia. Aki ya Mungu, tulimhurumia.

Meneja alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti jeupe na gambuti. Niliingia mlangoni jinsi nilivyofundishwa. Nikakaa jinsi nilivyofundishwa. Akaniuliza udhaifu wangu ni nini.

"Ninafanya kazi kupita kiasi."

"Wewe ni wa tatu kuniambia hivyo leo," akasema. "Kuna mahali mnakaririshwa?"

Mtu mwenye akili angeona haya. Mimi nilitabasamu lile tabasamu la ukumbini, meno yote nje, na yeye akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kisha akanitoa nje mpaka penye mitungi. Mmoja ulikuwa umetengwa kando, mabega yake yamefungwa gunia ili namba ya mkulima isionekane. "Tunafunika," akanieleza, "mtu asije akawapendelea wa kwao. Nusa, uniambie."

Nikafungua kifuniko, nikainama. Maua. Maua matupu! Nikanusa tena, yakawa yale yale. Na hapa sitadanganya, pua yangu ilinijulisha mara moja. Iliniambia, we msichana, omba maji na sabuni unawe kwanza. Lakini kichwani alikuwa amekaa yule mtu wa suti ya samli, ananikumbusha kwamba sijui ni neno la watu wa kubaki nyumbani. Nikanyoosha mgongo, nikapaza sauti.

"Haya yana harufu ngeni. Mtungi umeoshwa kwa sabuni ya manukato na haukusuuzwa. Huyu ni mkulima mchafu. Nayakataa."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia moja."

Ebo! Asilimia mia moja, mimi, nanuka kama duka la vipodozi.

Meneja hakubishana. Aliniambia nirudi nyuma hatua kumi, akachukua kifuniko kingine, akafunika mtungi, akangoja kidogo. Kisha akafungua, akanusa. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akanifuata niliposimama, akaushika mkono wangu na kuuinua mpaka puani pangu mwenyewe.

"Mchafu ni nani hapo?" aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

Halafu akalifungua lile gunia. Namba ilikuwa ya rangi nyekundu, tarakimu ya mwisho imepinda kidogo. Niliijua. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa rangi iliyobaki tulipopaka lango la boma letu.

"Yapite," meneja alimwambia mfanyakazi wake, na maziwa ya mama yangu yakamiminwa kwenye tangi pamoja na ya wengine. Mimi nilishukuriwa kwa kufika.

Kazi alipata yule dada wa sweta, na ilikuwa haki yake. Mwalimu wetu, nilisikia baadaye, aliwaambia wanafunzi wake wapya kwamba mimi nilikosa kwa sababu sikumtazama meneja machoni. Nyang'au yule. Lakini hata yeye hakunishika mkono akanipulizia. Nilijipulizia.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa zizini anatayarisha ndoo.

"Maziwa yamepita?" akaniuliza.

"Yamepita, mama."

"Na wewe?"

Nilichukua ndoo, nikainama kwa ng'ombe mweupe, yule niliyemkamua miaka yote minne. Akageuza kichwa, akaninusa, akapiga teke. Ndoo ikaviringika mpaka miguuni pa mama.

Mama aliiokota. Alinitazama, akalitazama lile koti, akaelewa yote bila kuambiwa. Aliingia jikoni, akachochea moto, akateleka sufuria kubwa.

"Kaa hapo," akasema. "Nakupashia maji ya kuoga."

Nikakaa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwita mkulima mchafu mbele ya watu, naye alikuwa akinitafutia sabuni.