Mtaa Unaojua Kungoja

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ujumbe mfupi wa shemeji yangu Zuhura. Mumewe, Hamisi, nililala naye chumba kimoja miaka yote ya chuo kikuu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, mkono wa kulia ulirudi nusu, na maneno yakawa yanakuja yanapotaka yenyewe. Sasa Zuhura aliandika: "Ijumaa tunamwoza Mwanaidi. Baba yake anasema ataozesha mwenyewe. Njoo Jumatano utembee naye."

Nilielewa kwamba nahitajiwa. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili na makala nyingi kuliko wasomaji, husikia raha ya pekee anapohitajiwa.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi treni ya umeme iliondoka. Mpaka Morogoro nilikuwa bado natunga kichwani hotuba ya kumtia moyo rafiki yangu. Tulipopita Gulwe nchi ilikuwa imeshageuka rangi, kavu na ya hudhurungi kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na hotuba imefikia sehemu ya tatu.

Dodoma, Zuhura alinipokea stesheni, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa amenieleza kila kitu. Anayeozesha hana budi kumtaja bibi harusi, na kwa kuwa Hamisi ana mabinti watatu, sheikh ameomba jina litamkwe wazi. Lakini majina ndiyo yanayomkimbia Hamisi kuliko maneno yote. Asubuhi ile alimwita Mwanaidi kwa jina la dada yake, kisha kwa jina la shangazi yake, kisha akageukia ukuta. Mdogo wake, Athumani, yuko tayari kumwakilisha. Dini inaruhusu, sheikh anaruhusu, kila mtu anaruhusu isipokuwa Hamisi.

"Wewe tembea naye tu," Zuhura aliniambia. "Usimfundishe kitu."

Sehemu hiyo ya pili niliisikia kwa sikio moja.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulitoka kwa miguu. Hamisi anakaa kwenye mojawapo ya barabara za zamani za mjini, zile zenye namba badala ya majina. Babu wa babu yake alifika hapa na misafara, akiuza nguo, na Hamisi, pamoja na shahada yake ya uchumi, anauza nguo mpaka leo. Kutoka nyumbani hadi dukani si zaidi ya mita mia nne. Mimi ningetumia dakika tano. Tulitumia saa moja na robo.

Upepo wa Agosti ulikuwa unapita na vumbi lake, wenye maduka wakimwagia maji mbele ya milango, na watumishi wa serikali waliochelewa wakikimbilia ofisini, vitambulisho vikipepea shingoni. Nilikuwa mgeni na nilitaka kutazama kila kitu. Baada ya hatua thelathini nikagundua kwamba mtaa ndio unatutazama sisi.

Msichana mmoja mwenye begi la mgongoni, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga kwa jinsi alivyokuwa akihangaika na muda, alisimama mbele ya Hamisi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Kisha hakuondoka. Shikamoo haijaisha mpaka marahaba ije, na marahaba ya Hamisi ilikuwa bado iko mbali. Ilianza midomoni, ikarudi, ikaanza tena. Msichana alisimama ameinama vile vile, simu ikimlilia mfukoni, mpaka neno likafika zima. Ndipo akatabasamu na kukimbia.

Fundi wa cherehani alifanya hivyo hivyo, mguu juu ya pedali, gurudumu limesimama. Baadaye niliambiwa kwamba Hamisi aliporudi kutoka hospitalini, Zuhura alipita duka kwa duka akiomba kitu kimoja: mtu asimsaidie neno. Mtaalamu wa huko hospitalini alisema neno analopewa halimfai, lazima alitafute mwenyewe. Basi mtaa mzima wa wafanyabiashara, watu ambao riziki yao ni haraka, wakajifunza kusimama.

Kwenye kona tulimkuta Mama Nyemo, muuza zabibu, ameketi nyuma ya beseni zake mbili. Hamisi alichukua kichala kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Hizi... za..." alisema. "Za Ho..."

"Hombolo," nikasema.

Hamisi alirudisha kichala kwenye beseni taratibu. Mama Nyemo alinitazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Baba," aliniambia, "neno la mwenzio umelila. Zabibu zangu hujanunua, neno umelila."

Mwendesha bodaboda aliyekuwa karibu alicheka mpaka akashika usukani. Niliomba radhi. Mama Nyemo aliokota kichala kile kile, akakirudisha mkononi mwa Hamisi, akakunja mikono yake kama mtu asiye na mteja mwingine siku hiyo. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yetu. Wakasubiri nao. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba niliung'ata ulimi wangu kwa kweli, si kwa mfano.

"Za Hombolo," Hamisi akasema.

"Za Hombolo," Mama Nyemo akakubali. "Tamu. Nikupimie?"

Tulipoanza kutembea tena, Hamisi alinishika kiwiko. Sentensi aliyonipa ilitukuta kwa fundi wa saa, ikatuvusha barabara, ikaishia mlangoni pa duka lake.

"Profesa," alisema, jina la utani nililopewa chuoni na ambalo chuo chenyewe hakijawahi kulithibitisha, "hata zamani... hukuwahi... kunisikia... mpaka mwisho."

Nilitaka kukana. Kisha nikamkumbuka kijana wa kitanda cha juu, akianza jambo gizani, na mimi wa kitanda cha chini nikimmalizia kwa maneno bora zaidi. Hotuba yangu ya sehemu tatu niliiacha pale mlangoni.

Jioni ile jina halikuja. Alijaribu mara nne, akasukuma sahani yake. Zuhura alimwambia Athumani apige pasi kanzu yake nzuri. Hamisi alisema neno moja tu: "Kesho."

Ijumaa baada ya swala ya alasiri tulijaa sebuleni, tumekaa kwenye majamvi, nami Mlutheri nimeazimwa kanzu iliyoishia juu ya vifundo. Nusu ya chumba ilikuwa mtaa. Nusu nyingine walikuwa wakwe kutoka Tabora, watu wazuri lakini wageni. Hamisi alimpa bwana harusi mkono wake wa kulia, ule wa nusu, na yule kijana akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekuoza," Hamisi alisema. "Binti yangu..."

Akakwama hapo.

Athumani alimtazama sheikh. Mjomba wa bwana harusi, aliyekaa kando yangu, alivuta pumzi na kufungua mdomo kwa wema wote. Nilimwekea mkono gotini. Alinigeukia kwa mshangao, nikatikisa kichwa. Fundi wa cherehani alikuwa ametulia, na fundi wa saa pia, kama watu walioko kazini. Nyuma ya pazia hata mikufu ya wanawake haikulia. Jasho lilimtiririka Hamisi hadi kidevuni.

"Mwanaidi," alisema. "Kwa mahari... mliyokubaliana."

Kijana alijibu amekubali. Vigelegele vilipoanza ndani, Hamisi alikuwa bado anatikisa kichwa, kama anayelihesabia jina lile silabi zake.

Jumamosi asubuhi maharusi waliondoka kwenda Tabora. Alasiri nami nilipanda treni. Hatujafika mbali simu yangu ikalia, na haikuwa namba ya Zuhura. Ilikuwa ya Hamisi, ambaye tangu augue hakuwa amempigia mtu, maana kwenye simu watu hukata. Niliisikia pumzi yake. Abiria wa jirani alinionyesha kwa ishara nikate, akidhani mtandao umekufa. Nikaendelea kushika.

"Mwanaidi ameondoka," akasema, bila kukwama popote.

Nilitafuta la kumwambia. Nilitafuta kweli, dirishani vichaka vikikimbia, mimi ninayeishi kwa maneno, na sikulipata.

Upande wa pili, Hamisi alinisubiri.