Michembe ya Wiki ya Jua

Mtaani kwetu pale Mhunze, miaka ya sabini, redio ilikuwa moja tu, na kwa bahati mbaya ilikuwa yangu. Mume wangu aliinunua tulipouza pamba, kisha akaenda zake Nyarugusu kutafuta dhahabu, akaniachia kazi ya kuisikiliza. Kila Jumapili jioni ilisomwa hali ya hewa ya wiki nzima, na kila Jumapili jioni ua wangu ulijaa wanawake. Mgongo unaniuma, watoto hawajaoga, na wageni wangu wamejipanga kwenye mkeka wakinisubiri nianue betri nilizozianika juani ili zipate nguvu kidogo.

Wengi wao Kiswahili cha redioni kiliwapiga chenga, kwa hiyo mimi ndiye niliyewaelezea kwa Kisukuma. Maneno yenyewe hayakubadilika: mikoa ya ziwa, jua, mawingu kiasi, na mvua katika maeneo machache. Redio ikizimwa, wote wananigeukia utadhani mawingu nayafuga mimi.

"Hayo maeneo machache, na sisi tumo?"

"Sijui, mayu. Mtangazaji hakusema," nilimjibu mama aliyeuliza.

"Si wewe ndiye unayemwelewa?"

Mama mkwe wangu, niliyeishi naye, hakuuliza. Yeye alikuwa na jibu tayari. "Hatumo," alisema. "Lini tumewahi kuwemo?"

Walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Msimu ule mahindi yetu yalikauka yakiwa bado yananifika magotini, huku kila wiki tukisikia kwamba mvua inanyesha katika maeneo machache. Ilinyesha kwa wenzetu. Kilichobaki cha kutufikisha mavuno mengine ni viazi vitamu vya mama mkwe, na fukusi walikuwa wameshaanza kuvishambulia humo humo ardhini.

Viazi hivyo ilibidi tuvikate michembe. Unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unavianika kwenye mwamba mpaka vikauke kabisa, ndipo unaviweka akiba. Kwa kawaida huaniki vyote kwa mkupuo. Unakata vichache, vikikauka unakata vingine. Lakini Jumapili hiyo, mvua za msimu zilipokuwa zimeshakatika, redio ilitangaza wiki ya jua, pamoja na yale maeneo yake machache.

"Kesho tunachimba vyote," mama mkwe akasema. "Fukusi hawatatusubiri."

"Na hiyo mvua, mama?"

"Hatumo, mwanangu."

Wanawake wa mtaa mzima walikuja kutusaidia kumenya. Kufikia Jumanne mwamba wote nyuma ya nyumba ulikuwa mweupe kwa michembe. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilijiona nimetua mzigo, na mchana ule nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Jumatano mchana wingu likasimama juu yetu. Lilikuwa moja tu. Tulitoka mbio na nyungo, vikapu na kanga, tukazoa tulichoweza, lakini mvua ilikuja kwa nguvu na michembe ikaanza kuserereka kutoka mwambani ikiingia matopeni. Ng'ambo ya barabara vumbi lilikuwa linatimka kama kawaida. Ile tuliyookoa tuliitandaza ndani ya nyumba, nayo ikaota ukungu.

Mtangazaji hakuwa amekosea hata neno moja, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mwaka mzima tuliitaka mvua hiyo, ikatupita. Siku tuliyoomba itupite, ndiyo siku tuliyokumbukwa. Nilikaa kizingitini na kanga iliyolowa, nimechoka hata kulia siwezi.

Ilipofika mwezi wa tisa, mama mkwe alianza kuniambia jioni kwamba hana njaa. Nilimpakulia hivyo hivyo. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akaisogeza taratibu mbele ya wanangu. Nao, kwa kuwa walikuwa watoto, walikula.