Mifuko Minne ya Mchanga na Kompyuta ya Gari la Vuga

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Lushoto sikushika spana. Msimamizi wa Karakana, Mbondei mfupi aliyevaa koti la kaki hata jua likiwaka, aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniagiza nipakie mifuko minne ya mchanga kwenye gari lililokuwa limetoka kufungwa injini. Tukashuka nalo hadi Mombo kwenye joto, tukageuza, tukapanda tena. Hakuna gari alilolitia saini ya kutoka kabla ya safari hiyo.

"Kule uwanjani hata toroli linatembea," aliniambia tukiwa kwenye kona za kuelekea Soni. "Likipanda na mzigo ndipo useme umetengeneza."

Chini yake nilijifunza kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche. Vitu hivyo ukivitazama unaona vinavyofanya kazi. Baadaye nilihamishiwa karakana ya shamba la chai, chini ya Fundi Mkuu aliyependa usafi kuliko maneno. Huko nako nilikaa miaka, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, bila kumuumiza mtu.

Ukaja wakati wa biashara huria. Shamba likapata wenye mali wapya, nasi wengi tukapunguzwa kazi. Nilirudi Lushoto nikafungua gereji yangu chini ya mabati sita, na nyuma yake nikaweka mifuko minne ya mchanga kama nilivyofundishwa. Wakati huo huo magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kupanda mlima wetu. Mengi hayakuwa na kabureta. Yalikuwa na kompyuta ya injini, kisanduku cha bati kinachopokea habari za hewa na joto, kisha kuziamuru nozeli, vijimdomo vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini, zimwage kiasi gani. Mafundi tulikiita kontroboksi. Hakuna aliyetufundisha. Tulikuwa tukifunga kitu tukingoja kuona kama injini itakubali au itakataa.

Bwana Athumani wa Vuga alikuwa mkulima wa kabichi na nyanya, na gari lake dogo la mizigo lilikuwa la aina hiyo. Lilibeba mboga sokoni, na lilibeba wagonjwa wa kijiji chake hospitali Bumbuli, kwa kuwa jingine halikuwepo. Masika moja maji yalipenya kwenye kioo cha mbele, yakatiririka hadi miguuni pa abiria, mahali kompyuta ilipofungwa. Nilipoifungua nilikuta ukungu wa kijani umekula njia za umeme. Haikuwa ya kutengenezwa.

Mkewe, Mwanaidi, alikuwa na mimba ya miezi minane. Bwana Athumani aliniambia hilo mara moja tu, kwa Kishambaa, na kwa sauti ya chini. Ilitosha.

Nilitafuta Korogwe, sikupata. Nikaenda Tanga, kwenye uwanja wa magari yaliyokatwa ili kuuzwa vipuri, nimebeba ile mbovu mfukoni. Kwenye kila kompyuta pana karatasi yenye namba. Muuzaji alinitolea moja yenye umbo lile lile na soketi zile zile. Tarakimu za mwanzo zililingana. Za mwisho hazikulingana, nami nikamwambia.

"Fundi, wewe unataka kuoa namba au unataka gari liwake?" alisema, na watu waliokuwa karibu wakacheka. "Soketi ikiingia, imekubali."

Nilicheka pamoja nao, nikaichukua.

Niliifunga asubuhi ya Ijumaa. Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza, likanguruma vizuri kwenye baridi yetu. Nililizungusha sokoni nikarudi. Mifuko ya mchanga ilikuwa pale pale, imelowa na kuwa mizito. Kushuka Mombo na kupanda kungechukua saa nyingi, sala ya Ijumaa ilikaribia, na Bwana Athumani alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kwa furaha. Nikampa ufunguo. Habari ya namba sikumwambia.

Siku ya nane uchungu ulimshika Mwanaidi mchana, na damu ikatangulia. Walimlaza nyuma ya gari, wanawake wawili wakakaa naye. Walifika Soni salama. Baada ya Soni, kwenye mlima wa Bumbuli, injini ilianza kupwaya, ikachemka, ikazima. Walingoja ipoe, wakaiwasha, ikaenda hatua chache ikazima tena. Wanaume waliokuwa mashambani walikata miti wakatengeneza machela, wakambeba kwa miguu. Mwanaidi alifariki njiani, na mtoto pamoja naye.

Nilikwenda kuzika. Kule msibani watu walikuwa wakisema petroli siku hizi inachanganywa na mafuta ya taa, kwamba ndiyo iliyoua injini. Lilikuwa neno la kuaminika, maana jambo hilo lilikuwepo. Nilitia udongo kaburini kwa mikono yangu nikanyamaza. Siku tatu sikuweza kumaliza hata sura fupi katika sala bila kupotea.

Baada ya arobaini Bwana Athumani alilileta gari likiwa limekokotwa. Akaniomba nisafishe tangi, kwa ajili ya ile petroli chafu.

Nilimwomba akae. Nikazitoa kompyuta zote mbili nikaziweka mbele yake, nikamwonyesha namba kwa kidole. Nikamweleza kwamba ile ya Tanga, kwa nijuavyo, ilikuwa ya injini ndogo zaidi ya ukoo ule ule. Kwenye tambarare isingejulikana. Kwenye mlima, gari likiwa na watu, iliziamuru nozeli zitoe petroli pungufu, injini ikakosa nguvu na kuchemka.

"Ulijua?" aliuliza.

"Niliona namba zimetofautiana. Sikukwambia. Na sikulipandisha mlima."

Alizigeuza zile kompyuta mkononi, moja kisha nyingine. Mimi nilikuwa tayari kwa lolote, hata kwa polisi.

"Tafuta yenyewe," alisema mwishoni. "Vuga bado kuna wajawazito."

Nilifunga gereji nikaenda Dar es Salaam. Nilizunguka siku tisa kwenye maduka ya vipuri nikisoma namba moja baada ya nyingine, nikiwakatalia wauzaji walioniambia zote ni sawa, mpaka nikapata iliyolingana hadi tarakimu ya mwisho. Niliporudi nikaifunga, nikapakia mifuko yote minne. Bwana Athumani akapanda kando yangu bila kuitwa.

Tulishuka Mombo, tukageuza juani. Tulipopanda hadi Soni nilikata kulia kuelekea Bumbuli, kwenye mlima ule. Injini haikupwaya. Ilivuta kwa sauti moja, mshale wa joto umetulia katikati, tukapita mahali palipokuwa pamebaki vipande vya miti ya machela kando ya barabara, tukafika juu.

Bwana Athumani alikuwa akitazama mbele.

"Lingefika," alisema.

Jambo hilo hakulitaja tena, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Aliendelea kuniletea gari lake, na hilo nalihesabu katika neema nilizopewa nisizozistahili.

Sasa mikono yangu inatetemeka na gereji ninayo kwa jina tu. Mafundi wa siku hizi wana mashine ya kupimia, wanaichomeka na inawaambia kila kitu kiko sawa. Wanapokuja kunionyesha, naishukuru elimu yao. Kisha nawauliza kama wamesoma namba hadi mwisho, nami nawaelekeza ilipo mifuko ya mchanga.