Semi Iliyoshuka Kimya

Wiki iliyopita, niliporudi Songea, mzee mmoja aliyekaa barazani kwake, mtaa wa Msamala, aliniambia "Marahaba" ilhali sikuwa nimemwamkia. Unajua wazee wanavyomsuta kijana anayepita kimya. Nikamwambia sijakuamkia. Akauliza, bila hasira, mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu: wa yule dereva wako uliyemwita mwizi wa dizeli.

Akafikiri kidogo. "Madereva wangu walikuwa wengi, mwanangu," akasema, akarudia chai yake.

Kumbe amesahau. Basi nisikilize wewe.

Tuliishi Madaba, juu ya mlima, kando ya barabara ya Njombe. Kila semi, lori refu la tela, tuliisikia kabla ya kuiona, na ya baba tuliijua kwa gia. Giaboksi ya gari lile ilitaka adabu: unakanyaga klachi mara mbili kwa gia moja, na katikati unapiga resi kidogo ili meno yazunguke kwa mwendo mmoja, ndipo yakubali kushikana. Ukikosea yanasaga, kijiji kizima kinajua. Baba hakusaga. Semi ilinguruma, ikanyamaza kama mtu anayemeza mate, ikanguruma tena kwa sauti nzito zaidi. Bibi, mama yake baba, akiisikia inaingia gia nzito kule chini, alianza kusonga ugali. Majani ya maboga yalishaiva kwa karanga, na sisi tulitumwa kuchota maji ya kunawa.

"Gia uliyopandia ndiyo ushukie," baba alisema kila alipoondoka. Mlimani injini ndiyo inayolishika gari. Ukiziachia breki kazi yote, zinaungua. Wapo waliotoa gia wakashuka kwa fri, kimya, wabakize dizeli ya kuuza. Baba aliwadharau hao.

Siku nyingi alikuwa akimwomba tajiri, huyo mzee wa barazani, anunue krosi mpya. Krosi ni kiungo cha ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye giaboksi kuipeleka kwenye matairi ya nyuma. Tajiri alisema ya zamani bado inasukuma.

Mchana mmoja tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, baba akapita akishuka na mzigo. Tuliisikia gia nzito ikinguruma, imelishika gari. Kisha chuma kikalia, mlio mmoja mkubwa, na mngurumo ukakatika. Krosi ilivunjika. Gia ipo, lakini haina cha kushika, na breki peke yake hazikuuweza mzigo. Semi ikaenda kulala bondeni juu ya magunia yake, na baba akatolewa humo na mbavu zilizovunjika.

Watu wa bondeni walisema waliiona ikija kimya. Walisema kweli. Tajiri akaipenda sana kweli hiyo. Gari likanyanyuliwa, fundi wake akafunga krosi mpya kabla mkaguzi wa magari hajafika, na mji mzima ukaambiwa dereva alipiga fri ili aibe dizeli.

Bibi alinishika mkono tukaenda Msamala kumweleza tajiri tulichosikia. Alicheka mbele ya wateja wake.

"Bibi, umeanza lini kusikiliza gia?"

"Tangu mwanangu alipoanza kunilisha kwa hizo gia," Bibi akasema. "Na kile chuma kilicholia unakijua."

Tukatolewa nje.

Hakuna tajiri wa Songea aliyempa baba usukani tena. Amezeeka na jembe. Bibi alikufa akiwa bado ananyanyua kichwa kila semi ikipita. Siku hizi malori mapya yanajibadilishia gia yenyewe. Yanapanda Madaba kwa sauti moja iliyonyooka, na hakuna mtoto anayeweza kumtambua baba yake ndani ya sauti hiyo. Baba ananiambia nimwamkie tu yule mzee, yameisha. Kwake yameisha.

Mimi nasubiri msiba wa yule mzee. Nitakwenda, nitaosha vyombo, nitakula ubwabwa kwa heshima zote. Wasifu wa marehemu ukishasomwa, wakauliza kama kuna mwenye neno, nitasimama mbele ya watoto wake na wajukuu wake, niwaeleze krosi ni nini.