Bi Gundi na Kabati la Ndugu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Gundi anapaka gundi mgongoni mwa jani lililokauka kabla yeye hajaajiriwa. Amebana pumzi. Analilaza kwenye karatasi ngumu, analiwekea kifuko cha mchanga juu, ndipo anapumua na kucheka.

"Ukipiga chafya hapa, umepeperusha safari nzima ya mtu msituni," anasema.

Ana miaka hamsini na sita. Kumi na tisa ameimalizia katika chumba hiki cha hifadhi ya mimea mikavu, akibandika karatasi ishirini kwa siku. Jina lake halisi hata mhasibu hulisahau. Makabati ya chuma yamepangwa kwa mabara, na sharti ni moja: kila mmea ulale kwenye bara lake.

Mwaka jana alilivunja. Mafurushi mawili yalifika siku moja, moja la hapa nchini, jingine la ng'ambo. Akaona majani yale yale magumu, matunda yale yale kama vigogo vidogo, akayatia yote jalada moja. Mkuu wa hifadhi, Daktari, aligundua wiki mbili kabla ya mkataba wa Bi Gundi kwisha.

"Mama, umenivurugia dunia!" alifoka, akamwandikia barua ya onyo.

"Nililia chooni," anakiri Bi Gundi. "Kazi nyingine siijui, na hii naipenda."

Akaamriwa azitenganishe karatasi zile, Daktari kasimama pembeni. Alipozipanga mezani mbili mbili, ya hapa na ya ng'ambo, bwana mkubwa akavua miwani.

"Kila mwaka nafundisha kwamba mabara haya yalikuwa nchi kavu moja," anasimulia Daktari. "Yakaachana mamilioni ya miaka iliyopita, mimea ikabadilika kila mmoja kivyake. Lakini ndugu hawa sikuwahi kuwaona wamekaa pamoja. Makabati yetu ndiyo yaliwatenga."

"Mimi hayo ya mamilioni sikuyajua," anadakia Bi Gundi. "Niliona wamefanana pua tu."

Mkataba uliongezwa miaka miwili, akapewa pia kabati tupu la dirishani apange mimea kwa ukoo. Amefikisha karatasi mia moja arobaini. Anataka mia sita kabla ya kustaafu.

Na ile barua ya onyo?

Anavuta droo. Ameibandika kwenye karatasi ngumu, na lebo kwa mwandiko wake: "Ilichumwa mezani kwa Daktari. Ina miiba."

"Siku nikistaafu naiweka pale dirishani," anasema. "Nayo ni ya ukoo huu."