Doray na Mtoto wa Kumi na Mbili

Asubuhi ya tarehe tisa Februari, mwaka 2003, Teodora Magsino aliinuka mezani kabla wali haujaisha. Gari la kwenda Manila lilikuwa nje, injini ikinguruma. Mama yake, Bi Ensang, hakulia. Aliishika sahani yake, akaizungusha mara moja, kisha akawatazama wengine. Nao wakazungusha zao, kama wafanyavyo watu wa mkoa wa Batangas, kusini mwa Manila, mtu anapoanza safari wenzake wakiwa bado wanakula, ili njia yake isikatike.

Chombo kimoja tu hakikuzungushwa. Ni bakuli la uji la Rhealyn, binti wa Teodora wa miezi kumi na minne, aliyekuwa bado usingizini kwenye bembea ya kitambaa. Teodora, au Doray kama anavyoitwa na wote, aliliona akiwa tayari mlangoni. Hakurudi.

“Ningerudi kwa ajili ya bakuli, nisingeondoka tena,” anasema leo.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amempakata mtoto huyo kwa saa kumi na tisa, kutoka Roma hadi Manila. Sasa alirudi kazini na mapaja matupu. Angani, alipotia mkono mkobani kutafuta kalamu, mkono ulitoka na soksi moja ya mtoto.

Saa kumi alfajiri, miaka ishirini na miwili baadaye, Doray yuko uani kwenye nyumba ileile ya kijiji cha Talahiban. Amevaa kandambili na kanga ya marehemu mama yake kichwani, anamfuata mtoto mwingine. Ni Dario, mwana wa Rhealyn, mwenye umri wa miezi kumi na sita. Amefika siku nne zilizopita na mwili wake bado uko Roma. Mchana hulala kama popo, alfajiri hutaka dunia nzima iamke. Kuku wangali juu ya mti. Anawanyooshea kidole na kuwasemesha kwa Kiitaliano.

Mzee Kanor, muuza mikate wa kijiji, anasimamisha baiskeli yake kwenye ua.

“Doray, huyo mjukuu ni mlinzi au ni mwizi? Saa hizi hata jogoo hajaoga.”

“Ni Mtaliano huyo, Mzee Kanor. Mpe siku tatu, atakoroma kukushinda wewe.”

Mzee anampa Dario mkate wa moto, anakataa kulipwa, kisha anaendelea na safari yake akipuliza filimbi. Alikuwa akimpa Rhealyn mkate vivyo hivyo.

Doray ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na minne alifua na kupiga pasi katika nyumba za watu huko Roma, familia tatu kwa wiki, saa kumi kwa siku. Shati la mwanamume lilimchukua dakika sita. Magoti yalipoanza kukataa ngazi, akaona imetosha.

Lakini Talahiban haimjui kwa mashati. Inamjua kwa watoto. Dario ni wa kumi na mbili kati ya watoto aliosafiri nao kutoka Roma kuja nyumbani. Wa kwanza alikuwa Rhealyn. Kumi wa katikati walikuwa wa wenzake, wanawake wa vijiji vya jirani waliojifungua kule na kukosa mtu wa kumwachia mtoto wakati wa kazi. Anayepata likizo huombwa na asiyepata. Barua ya mzazi hupigwa muhuri, mtoto hukabidhiwa, na bibi humsubiri uwanja wa ndege akiwa na mwavuli na uji kwenye chupa ya chai.

Kwa saa zile kumi na tisa Doray ana sheria zake, hakuzisoma popote. Mtoto asilale kabla ya ndege kuruka. Anyonye kitu ndege ikipanda na ikishuka, hata kama ni kitambaa kilicholowa maji. Kwenye kiwanja cha kubadilishia ndege atembezwe mpaka achoke, apande ngazi, ashuke, aguse kila kiti. Asionyeshwe mdoli wake mzuri kuliko yote kabla ya saa ya kumi na mbili ya safari, maana ukimaliza silaha mapema utapigana mikono mitupu.

“Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiye mgumu kuliko wote,” anasema. “Mchanga hajui anakwenda wapi. Mkubwa unaweza kumdanganya. Huyu wa katikati anajua kuna jambo, ila hana maneno ya kukuuliza.”

Sheria ya mwisho haihusu ndege, na ndiyo iliyomgharimu zaidi. Mama wa Talahiban anapomwacha mtoto mdogo humwachia nguo aliyoivaa, isiyofuliwa, ili mtoto alale akiwa na harufu yake. Mwaka ule wa 2003 Doray alivaa fulana moja ya njano siku tatu mfululizo, akalala nayo, akapika nayo samaki wa chunguni kwa mabirimbi makavu, yale matunda machachu, kusudi ijae harufu. Jioni ya mwisho, akitafuta cha kufanya ili asimtazame mtoto, alikusanya nguo za nyumba nzima akazifua.

Aliiona asubuhi ikipepea kwenye kamba, safi, inanuka sabuni ya Roma.

“Mikono ilifua yenyewe,” anasema. “Ndiyo kazi iliyokuwa inaijua.”

Bi Ensang aliianua, akaikunja, akaiweka ndani ya bembea. Na kila Doray alipopiga simu kutoka Roma aliambiwa mtoto analala vizuri. Ni jirani aliyekuja kumwambia baadaye kwamba Rhealyn alilia usiku kumi na tisa. Doray hakumlaumu mama yake kwa uongo ule. Alijilaumu yeye kwa fulana. Tangu hapo, mwanamke yeyote aliyemletea mtoto wa kumsafirisha aliulizwa kwanza nguo, kabla ya paspoti. Ikiwa imefuliwa, alimrudisha akavae nyingine.

Rhealyn alikua. Alimwita Bi Ensang “Mama” na mama yake mzazi “Mama Roma”, kama mtu anavyoitwa kwa jina la kituo chake cha kazi. Doray alikuja nyumbani kila baada ya miaka miwili, na kila mara siku ya kwanza binti alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mwezi masanduku yalitumwa, yakiwa na viatu, chokoleti na madaftari, na kila mara Bi Ensang aliagiza sabuni za mche. Doray alimtania kwenye simu. Duka la kijiji lina sabuni tele, je, anataka kuwaringia majirani? Bi Ensang alijibu kwamba ndiyo, anataka kuringa, na aongeze vipande viwili.

Alipofikisha miaka ishirini Rhealyn naye akaenda Roma. Waliishi chumba kimoja, wageni wawili wenye birika moja. Binti akapata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee na kulala hukohuko. Akaolewa na baharia, kama mama yake kabla yake. Akamzaa Dario.

Januari mwaka huu Bi Ensang alifariki, akiwa na miaka themanini na moja. Safari ya kwenda kumzika ndiyo pekee ambayo Doray aliwakatalia wanawake waliomletea mtoto. Hata hivyo, mahali fulani juu ya bahari mtoto alilia safu za mbele, na Doray akajikuta amesimama katikati ya njia, mikono imenyooshwa. Mhudumu akamuuliza kama anahitaji kitu. Akaketi.

Baada ya mazishi alikuta jikoni sahani ya mama yake imeoshwa, imeegemezwa ukutani. Nyumba haikuwa tena na mtu wa kupokea watoto. Aliporudi Roma kumalizia miezi yake ya mwisho ya kazi, Rhealyn alikuwa tayari na ombi lake, na Doray alilijua kabla halijatamkwa. Bibi anayetunzwa hawezi kuachwa hata saa moja, na nyumba yake haina nafasi ya mtoto. Wakakubaliana kwamba Dario aende Talahiban na Doray, mpaka afikie umri wa kuanza shule ya chekechea ya Roma, miaka mitatu.

Doray hakuogopa safari. Aliogopa kitu kimoja, na bado anakiogopa, kwamba siku moja Dario atamwita yeye “Mama”, kama Rhealyn alivyomwita Bi Ensang. Amewabeba watoto kumi na mmoja mpaka kwenye neno hilo. Anajua linavyokuja, polepole, kwenye uji wa asubuhi, bila mtu kukusudia.

Kwenye uwanja wa ndege wa Roma, Rhealyn alimkabidhi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Doray aliufungua palepale kama alivyowafanyia wengine wote. Akanusa. Ilikuwa fulana ya kijivu, na ilinuka sabuni.

“Umeifua?” akauliza. “Rhealyn, nimekuambia mara ngapi?”

“Nimeifua makusudi.”

Doray alisema maneno ambayo sasa hapendi kuyarudia, mbele ya foleni nzima, Dario akiwa begani anavuta hereni yake. Rhealyn akamwacha amalize.

“Mama Roma, ile ya njano niliilalia mpaka darasa la tatu,” akasema. “Ilikuwa inanuka sabuni. Sanduku lako likifunguliwa, sabuni. Ukija likizo mimi niko nyuma ya mlango, nasikia sabuni, najua umefika. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu yako. Sasa na mimi nitampa nini mwanangu, harufu ya dawa za yule bibi?”

Rhealyn akaendelea, sasa kwa sauti ya chini.

“Na Mama alikuwa anaifua kila Jumamosi. Kwa zile sabuni zako. Hukujua?”

Hakujua. Miaka yote ile alidhani mama yake anawaringia majirani.

Rhealyn alimbusu mtoto kwenye nyayo, akageuka, akaenda kuwahi zamu. Doray alipita ukaguzi na mtoto, mkoba na mfuko ule. Anasema hakumbuki kama alivua viatu.

Safari yenyewe, ya kumi na mbili, ilikuwa na vituko vyake. Katika ndege ya pili, ile ya safari ndefu ya saa tisa angani, mzee mmoja wa Bauan, mji wa hukohuko Batangas, aliyeketi nyuma yao aliinama akasifu mashavu ya Dario kwamba yamejaa kama mikate. Kabla hajamaliza sifa, mtoto alipasua kilio. Alilia dakika arobaini. Maji hapana, mdoli hapana, kutembea hapana. Wanawake wa safu tatu wakaanza kumgeukia mzee.

“Baba, ni jicho lako hilo. Mpake mate mtoto.”

“Mate yangu yana tumbaku.”

“Paka hivyohivyo, tulale.”

Mzee alilowesha kidole gumba, akamchora Dario alama kwenye unyayo. Mhudumu, binti wa nchi nyingine, alikuja mbio na karatasi za kufutia. Wanawake wakamzuia kwa adabu, wakamwambia asifute, dawa bado inaingia.

Ndipo Doray akakumbuka mfuko. Akaifungua fulana ya kijivu, akaitandika kifuani pake. Dario akainusa, akaigeuza upande wa pili, akainusa tena, kisha akalala juu yake kwa saa tano. Mzee wa Bauan mpaka leo anaamini ni mate yake. Doray hajamkatalia.

“Huenda ni mate, huenda alichoka,” anasema. “Mimi nilishukuru vyote.”

Sasa kumekucha Talahiban. Kuku wameshuka. Doray ameweka mezani wali, samaki na kahawa nyeusi ya mlimani, na pembeni bakuli dogo lenye ufa, lile la Rhealyn, ambalo Bi Ensang hakulitupa. Dario anakula kwa mikono yote miwili. Kila siku saa tisa alasiri simu huita kutoka Roma, na Doray humshika Dario kidevu kwa upole, akamgeuza kuelekea kioo cha simu.

“Huyo nani? Mama huyo. Na mimi nani? Mimi Bibi. Sema Bibi.”

Mtoto husema “Bi”, kwa wote wawili.

Rhealyn amepewa likizo kuanzia tarehe kumi na tano Desemba, atakaa mwezi mzima. Na Dario akifikisha miaka mitatu, Doray amepanga kumrudisha Roma mwenyewe. Hajawahi kusafiri na mtoto kuelekea upande ule. Anajiuliza kama sheria zake zitafanya kazi kinyumenyume, na anaona siku hiyo yeye ndiye atakayehitaji mdoli.

Mpaka hapo fulana ya kijivu inakaa ndani ya bembea. Jumamosi Doray aliifua, akaianika, ikakauka kabla ya mvua. Alitoka Roma na vipande kumi na vinne vya sabuni. Cha kwanza amekifungua.