Eda ya Mtaliana

Kila vita alivyoviandika jirani yetu wa juu vilikuwa na kiatu kimoja cha mtoto. Kongo kiatu, Biafra kiatu, na cha pili sijui kila mara kilikuwa kimekwenda wapi. Alikuwa Mtaliana mzee, mtunzi wa vitabu na mwandishi wa habari za vita, amepanga fleti juu ya yetu hapo Kilburn, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna risasi iliyopigwa Afrika asiisikie. Watu wa vitabuni mwake hawakufa kimya kama wafavyo wengine. Kila mmoja alimgeukia yeye kwanza, akamwambia sentensi moja nzuri, ndipo akakata roho.

Mimi nilikuwa nasoma chuo, nikikaa na shangazi yangu aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi. Mumewe, niliyemwita mjomba, karani wa forodhani, alitoka nyumbani asubuhi moja ya siku zile na mwavuli wake, asirudi. Maiti haikuonekana, kaburi halikuonekana, na shangazi akakataa kukaa eda. Sheikh wetu wa London alishamwambia kuwa miaka imetosha, akae eda aimalize, awe huru.

"Sheikh, eda haikaliwi kwa kukisia," alimjibu. "Niletee mtu aliyemwona."

Na huo uhuru alikuwa akiutaka. Kulikuwa na dereva wa basi, mtu wa Mombasa aliyefiwa na mkewe, ambaye kila Jumapili alikuja kutengeneza mfereji wetu wa jikoni. Mfereji haukuwa mbovu. Shangazi alimpikia, akamtilia chai, kisha akaenda kuketi upande wa pili wa chumba, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu.

Basi Mtaliana akanipa kitabu chake cha Unguja. Nikawa namsomea shangazi jikoni huku nikitafsiri, mpaka nikafika pale mwandishi aliposimama mbele ya posta, akamwona kwa macho yake karani mwenye koti jeupe akianguka na mwavuli wake mkononi. Shangazi akazima jiko.

"Kamwite," akasema.

Nikamwambia nusu ya makarani wa Unguja walikuwa na miavuli.

"Kimepigwa chapa hicho, mwanangu. Mtu hapigi chapa uongo."

Alilelewa katika nyumba yenye kitabu kimoja tu, nacho hakina uongo, na imani ile akavigawia vitabu vyote vya dunia. Akasonga halua, akafukiza udi. Dereva akaja na suti, akaketi karibu na mlango, akijifanya hakuna anachosubiri. Mtaliana alipofika alijimwaga kwenye kochi, akaanza na kiatu. Shangazi hakumwacha aende mbali. Akaweka picha ya mumewe mezani.

"Muulize, ndiye huyu?"

Tulikuwa tunahitaji ndiyo moja tu. Mtu yule alikuwa amezigawa ndiyo maisha yake yote, na wala hazikuwa zikimgharimu kitu. Akavaa miwani. Akaitazama picha, akaitazama tena, akarudisha kipande cha halua sahanini.

"Sikuwepo," akasema kwa Kiingereza. "Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye baa ya hoteli. Hatukupata usafiri wa kuvuka. Yule karani nilimtunga."

Nilimchukia. Ameudanganya ulimwengu mzima, halafu anakuja kuchagua sebule yetu aanzie kusema kweli. Nilifikiria hata kutafsiri kinyume, lakini dereva alikijua Kiingereza, na uso wake ulikuwa umeshatafsiri.

"Na mwavuli?" shangazi akauliza.

"Wa hoteli."

Shangazi akaichukua picha, akaipangusa kwa mtandio. "Mwambie ale," akasema. "Watu wa kwetu wote wameniapia. Mmoja kamwona Muscat kanenepa, mwingine kamwona Dubai anauza saa. Huyu ni wa kwanza kuniambia hajui." Toka siku ile akawa ananituma juu na sahani kila Ijumaa. Dereva naye akaendelea na mfereji.

Mtaliana akafa majira ya baridi yaliyofuata, na shangazi akataka kwenda kumzika. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Wanaume hubeba jeneza, sisi tukabaki na kilio na masufuria. Lakini Wakristo hawana kizuizi, akasema, na huyu alikula kwetu. Tukasimama kwenye matope pamoja na waandishi wenzake, na mmoja wao akahutubia kwamba marehemu hakuandika hata neno moja asiloliona kwa macho yake. Nikamtafsiria shangazi. Akauma ncha ya mtandio, mabega yakamtikisika, na wale watu wakamwonea huruma sana.

Kisha jeneza likashushwa, akaacha kucheka. Alikuwa amefiwa na wazazi na ndugu, na hajapata kumwona mtu akitiwa ardhini. Hakuondoka mpaka shimo likajaa.

Kwenye basi akasema, "Kumbe ndivyo tu. Anashushwa, anafukiwa, watu wanakwenda kunywa chai." Akapangusa matope kwenye pindo la gauni. "Na mume wangu yuko mahali kafukiwa. Wa kuniambia wapi hayupo."

Tulipofika nyumbani alivua bangili, akafunika kioo kwa kanga, akaufungia udi kabatini. Akasema anakaa eda. Nililia kuliko siku tuliyotoka Unguja, maana sasa ndiyo mjomba alikuwa amekufa kweli.

Kabla ya Ijumaa, wanawake wa kwetu toka Kilburn hadi Lewisham walikuwa wameshapiga hesabu. Mtaliana kazikwa, jioni yake bibi kaingia eda, na zile sahani je? Mmoja alipiga simu kutaka kujua marehemu aliposilimu aliitwa nani. Nikamwomba shangazi awakanushe.

"Waache," akasema. "Na wao ni waandishi."

Jumapili dereva akaja na spana yake. Nikamzuia mlangoni, kwa kuwa sasa hakuwa na ruhusa ya kuingia, nikaanza kumweleza kwamba asiwasikilize watu, kwamba eda hii ni ya mjomba. Hakuningoja nimalize.

"Hata ingekuwa ya Mtaliana," akasema, "eda si ina mwisho?"

Akanikabidhi spana niiweke ndani, akateremka ngazi.